NANI AMLIPIE DAKTARI KARO?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mimi leo nina neno, na neno lenyewe limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukiingia darasa lolote la shule yetu ukauliza nani anataka kuwa daktari, mikono itainuka kama majani chai baada ya mvua. Hata yule ambaye hajawahi kupata alama 30 katika kemia atainua mkono wake! Lakini ukiuliza swali la pili, yaani nani atakayelipa, mikono yote hushuka na watu huanza kuangaliana. Mimi naona swali hili la pili ndilo tunalopaswa kujadili.

Kwanza tuelewane kuhusu safari yenyewe. Hapa Kenya ukitaka kuwa daktari unasoma chuo kikuu miaka 6, halafu unafanya kazi mwaka 1 hospitalini chini ya uangalizi kama daktari mwanagenzi, ndipo unapewa leseni. Wenye kukwepa kipindi cha Kiswahili wajue pia kwamba katika masomo yanayoangaliwa mtu akiomba nafasi hiyo, baada ya biolojia na kemia na hesabu au fizikia, lugha nayo ipo. Kwa hivyo msidhani mtaingia hospitalini kwa mlango wa nyuma. Haya, tuendelee.

Zamani mambo yalikuwa mengine kabisa. Tangu uhuru hadi mwaka 1974 serikali ilikuwa inamlipia mwanafunzi wa chuo kikuu kila kitu, na yeye akimaliza alitakiwa kuitumikia serikali kwa muda usiopungua miaka 3. Baada ya hapo ukaja mkopo, ule ambao wazee wetu waliosoma wanauita "boom" na wakiutaja wanacheka peke yao. Mwaka 1995 likaundwa shirika la HELB la kutoa mikopo na kuidai. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa wanafunzi wa kujilipia, maarufu kama "parallel". Hata hivyo, aliyekuwa amechaguliwa na serikali aliendelea kulipa karo ya shilingi 16,000 tu kwa mwaka, awe anasomea ualimu au udaktari. Mzazi mwenye ng'ombe 1 wa kuuza alikuwa anaweza.

Halafu ukaja mwaka 2023. Serikali ikaleta mfumo mpya wa ufadhili. Kila kozi ikapewa bei yake kamili, na bei ya udaktari katika vyuo vya umma ikapita shilingi laki 6 kwa mwaka. Wanafunzi wakapangwa katika makundi kulingana na uwezo wa jamaa zao, na baadaye makundi hayo yakawa 5. Kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, serikali iliwalipia asilimia 70, ikawakopesha 25, na nyumbani wakatakiwa kutoa 5. Kundi la tano walilipiwa 30, wakakopeshwa 30, na 40 iliyobaki ikawa juu ya mzazi. Ajabu ni kwamba aliyeingia chuo mwaka 2022 na aliyeingia mwaka 2023 wangeweza kusimama katika maabara moja, wakiangalia kupitia darubini moja, huku mmoja analipa karo ya zamani na mwenzake ya mfumo mpya.

Sasa tufanye hesabu, maanake mwalimu wetu wa hesabu husema kwamba mtu asiyepiga hesabu hupigwa na hesabu. Tuseme bei ni laki 6 kamili. Asilimia 40 ni shilingi 240,000. Tuseme tena kwamba mkulima analipwa shilingi 20 kwa kilo moja ya majani mabichi. Ili apate hizo 240,000 lazima apeleke kilo 12,000 kwenye kituo. Tuseme mchumaji hodari anachuma kilo 30 kwa siku. Hizo ni siku 400. Mwaka una siku 365! Na hapo hajanunua mbolea, hajanunua unga, hajamlipa anayemsaidia kuchuma, wala hajatuma pesa za chakula na chumba huko mwanafunzi aliko. Ukizidisha mara 6 unapata shilingi 1,440,000. Mimi nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Najua mtaniambia kwamba mkulima wa chai hatawekwa katika kundi la tano. Hapo ndipo penye utata wenyewe. Kipimo kilichotumika kiliangalia mambo kama ukubwa wa familia, jamaa inatumia pesa ngapi kwa masomo, eneo unalotoka na hali ya wazazi. Ni mambo mazuri kuyaangalia. Lakini nchi yetu hii ya chai ina ujanja wake wa kuonekana tajiri. Mgeni akipita barabara ya kutoka Kericho kwenda Bomet anaona kijani kibichi kama zulia limetandikwa, anasema, "Watu hawa wana pesa." Hajui kwamba majani mengi anayoyaona ni ya kampuni. Mtoto aliyelelewa katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba makubwa ana ukuta wa mawe, ana maji ya mfereji, pengine ana umeme. Ukiandika hayo kwenye fomu unaonekana mtu wa maana. Lakini nyumba si ya babake. Siku baba akiachishwa kazi, nyumba inakwenda na kazi. Na kazi zenyewe zinakwenda: mnakumbuka mwezi wa Mei 2023 waandamanaji walivyochoma mashine za kuchuma chai hapa Kericho. Siungi mkono kuchoma mali ya mtu, lakini hasira ile ilitoka mahali. Mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na kila mmoja wa watu hao ana mtoto mwenye kuinua mkono darasani.

Na mkulima mdogo naye, yule mwenye shamba lake na namba yake ya kiwanda, hutegemea bonasi. Kila mwaka ikikaribia Oktoba watu hapa huongea juu ya bonasi kuliko juu ya mvua. Mwaka 2025 wakulima wa upande wetu, Kericho na Bomet, walitangaziwa bonasi ya chini sana kuliko wenzao wa Mlima Kenya, wakaandamana. Sasa niambieni, chuo kikuu kitakubali kungojea bei ya chai ipande kule mnadani Mombasa? La hasha! Karo ina tarehe.

Kwa hivyo sisi tuna nini? Tuna harambee. Mimi siidharau harambee hata kidogo, na shule hii tunayosomea ina madarasa yaliyojengwa kwa harambee. Lakini nimeiona ikifanya kazi na nimeiona ikichoka. Karibu na kwetu kuna dada mmoja aliyepata nafasi ya kusomea udaktari. Kijiji kizima kilifurahi, maana hakuna msichana wa upande ule aliyewahi kuipata. Mwaka wa kwanza harambee ilifana: mahema, vipaza sauti, waheshimiwa wakatoa huku wakitazama kamera, akina mama wa kanisani wakaleta mayai yapigwe mnada. Mwaka wa pili watu walikuja nusu. Mwaka wa tatu babake alipita nyumba kwa nyumba na kitabu cha michango, na watu wakawa wanamwona mbali wanaingia ndani. Si kwamba ni wabaya. Wengine pia walikuwa na watoto. Mzee akaamua kukodisha majani chai yake miaka 3 ili apate pesa za mkupuo mmoja. Mnajua maana yake: anayechuma sasa ni mwingine, bonasi ni ya mwingine, na mwenye shamba anapita kando ya michai yake mwenyewe kama mgeni. Pesa zile zilimaliza mwaka mmoja na nusu. Dada huyo sasa yuko nyumbani, ameahirisha masomo, anafundisha watoto wa nasari kwa malipo madogo. Vitabu vyake vinene viko juu ya kabati, vimefunikwa kwa leso visipate vumbi.

Mimi naona kosa si la mtu. Harambee ni kazi ya siku moja na udaktari ni kazi ya miaka 6. Huwezi kubeba maji ya safari ya jangwani kwa kiganja. Jengo la shule ukiishiwa pesa katikati, kuta husimama zikikungojea, lakini mwanafunzi hasimami hivyo. Anazeeka, anaolewa, anakata tamaa.

Kogo yangu (wasomaji wasio Wakipsigis, huyo ni nyanya) aliniambia zamani watu wa huku walikuwa wanasafiri mbali wakitafuta tiba. Nikasoma habari za hospitali ya Tenwek, pale Bomet. Wamisheni walianzisha huduma ya matibabu pale mwaka 1937, na daktari wa kwanza wa kukaa, Ernest Steury kutoka Marekani, alifika mwaka 1959. Hesabu miaka hiyo: ni 22. Miaka 22 wauguzi walishikilia pale pasipo daktari, na watu wakaendelea kuzaa na kuugua na kuumia. Leo Tenwek inajulikana hata nje ya nchi kwa upasuaji, na madaktari Waafrika wanafundishwa pale. Hata hivyo somo ninalopata ni kwamba daktari hapatikani kwa kumtamani. Lazima mahali fulani mtu fulani awe amelipa. Tulipokosa kulipa sisi, tulingojea walipe wengine. Juzi juzi mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Kuba, na ikapeleka madaktari wake kule kusoma zaidi. Kuba si nchi tajiri. Lakini kwao mtu hasomei udaktari kwa karo ya babake, na ndiyo maana wana madaktari wa kutuazima sisi.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, maanake katika mjadala wa darasa letu walinipiga vikali. Hoja yao ya kwanza ilikuwa hii: daktari akimaliza atakuwa mtu wa gari na suti, kwa nini mama anayechuma chai alipe kodi ya kumsomesha tajiri wa kesho? Kwa kweli ni hoja nzito na sikulala vizuri siku hiyo. Lakini nikafikiri hivi. Yule mama tayari analipa. Analipa kwenye sukari, analipa kwenye harambee, na akiugua analipa nauli ya kwenda Kericho mjini au Longisa kwa sababu zahanati ya karibu haina daktari. Analipa mara 3 na bado hana daktari. Afadhali alipe mara moja na apewe.

Hoja ya pili ilikuwa kali zaidi. Mwenzangu mmoja aliuliza: ukimlipia akimaliza akaenda Uingereza je? Hapo nakubali kwamba lazima kuwe na mkataba. Wazee wa kabla ya 1974 waliufanya na haukuwaua. Alipiwe karo yote ya miaka 6, na akihitimu afanye kazi katika kaunti, tuseme miaka 5, katika hospitali ndogo na si mjini tu. Akitaka kuondoka mapema, arudishe pesa pamoja na riba. Lakini mkataba una pande 2, na upande ambao watu husahau ni wa serikali. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na jambo moja kubwa lilikuwa la hao wanagenzi: mapatano ya mwaka 2017 yalisema wapate shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Wengine walikuwa wamehitimu na wako nyumbani wakingojea kupangiwa hospitali. Mtu amesoma miaka 6, kijiji kimeuza ng'ombe, halafu anakaa nyumbani akitazama televisheni huku hospitali hazina watu! Kwa hivyo mkataba useme pia: nawe serikali, siku atakapohitimu uwe na kazi yake na mshahara wake. La sivyo utakuwa umemfunga mbuzi kamba usimpe majani.

Kuna kundi jingine ambalo katika mjadala hakuna aliyelitaja, nami nataka kulitetea hapa. Katika zahanati zetu nyingi anayetutibu ni tabibu aliyesomea diploma katika KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927 na ambacho kina tawi hapa karibu Kapkatet. Sisi wote tunamwita daktari. Anatibu malaria, anashona majeraha, anajua ni mama gani ana shinikizo la damu na ni mzee gani hamalizi dawa zake. Mtu kama huyo akitaka kurudi shule awe daktari kamili, vyuo vinamruhusu kuomba akiwa na alama nzuri. Hata mwenye digrii nyingine, tuseme ya sayansi, anaweza kuomba. Lakini nafasi za serikali zimepangiwa wanaotoka kidato cha nne. Huyu anayerudi ataingia kama mwanafunzi wa kujilipia, na bei ya kujilipia ni laki kadhaa kila mwaka, tena wakati ambapo ameacha mshahara na ana watoto wa kulisha. Mimi naona hapo ndipo tunapotupa dhahabu. Sisi wa kidato cha tatu hatujui hata kama tutazimia tukiona damu! Yeye ameiona miaka 10. Hatuhitaji kubahatisha kama atakaa kijijini, kwa sababu amekaa.

Kwingine wamelifikiria jambo hili. Huko Uingereza kuna kozi ya udaktari ya miaka 4 kwa wale ambao tayari wana digrii, na kuanzia mwaka wa pili huduma ya afya ya taifa huwalipia sehemu ya karo, iliyobaki wakikopa. Marekani karibu kila daktari huanza na digrii nyingine kwanza, kisha ndipo anaingia shule ya udaktari, na wengi hutoka na madeni ya kutisha. Mwaka 2018 shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha New York ikaondoa karo kwa wanafunzi wake wote. Mwaka 2024 mama mmoja aliyekuwa mwalimu katika shule ya udaktari ya Albert Einstein kule Bronx, Ruth Gottesman, alitoa dola bilioni 1 ili wanafunzi wasilipe karo. Bilioni moja! Wanafunzi walilia ukumbini walipotangaziwa. Nami nilifurahi kusoma, ila nikajiuliza: na hiyo si harambee pia, ingawa ni ya mtu mmoja? Mwenye pesa akiamka na moyo mwema, mnasoma. Asipoamka, basi.

Nikirudi nyumbani, kuna jambo la nani hasa alipe. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya afya, lakini vyuo vikuu ni vya serikali kuu. Kaunti inahitaji daktari na haiwezi kumsomesha, serikali kuu inaweza kumsomesha na haimwajiri. Kila mmoja anaelekeza kidole kwa mwenzake kama watoto waliovunja chungu. Na katikati mambo yanabadilika kila mara: Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema ule mfumo wa makundi unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, kisha mwaka 2025 ikatangaza karo imepunguzwa. Kupunguzwa ni vizuri, sikatai. Lakini anayeanza kozi ya miaka 6 anahitaji ahadi moja ya miaka 6, si tangazo jipya kila Septemba.

Pendekezo langu ni dogo. Kaunti ya Kericho na ya Bomet kila moja iseme inahitaji madaktari wangapi kwa miaka 10 ijayo. Isiseme 500, iseme idadi ambayo inaweza kuilipa mishahara. Serikali kuu iwalipie hao karo yote, wasiwe na habari ya kundi la kwanza wala la tano. Nusu ya nafasi wapewe waliotoka kidato cha nne, na nusu wapewe matabibu na wauguzi ambao wamefanya kazi katika zahanati za hapa miaka isiyopungua 5. Majina yabandikwe ukutani katika ofisi ya chifu ili kila mtu aone kwamba mtoto wa mheshimiwa hakupita juu ya mtoto wa mchumaji. Na walioanza tayari, kama yule dada wa nasari, wawe wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu miaka aliyosoma tayari imelipiwa na kijiji na ni aibu kuiacha ioze.

Mwenzangu aliyenishinda kwa kura katika mjadala, 23 kwa 19, bado anashikilia kwamba kila mtu alipe masomo yake. Namkaribisha aandike katika toleo lijalo. Sanduku la makala liko kando ya mlango wa maktaba, na mwalimu mlezi wa chama hulifungua kila Ijumaa.